Gorogoro ya Mama na Kijiti Changu

Mama yangu amenikataza kuandika majina ya watu. Alisema, "Andika ukitaka, lakini hao watu wana watoto." Kwa hivyo majina sitaandika. Nitasema tu nani alifanya nini, kwa sababu hilo hakunikataza, na waliofanya wakisoma watajijua.

Lakini wacha nianze na shukrani, maana nikianza na uchungu sitafika mbali. Nashukuru kwamba kila nikirudi likizo Kimumu, hapa Eldoret, nampata mama ameketi mlangoni mwa duka lake la nafaka, amejifunga leso mbili kwa sababu ya baridi, na ananiona kabla sijamwona. Nashukuru kwamba binti yangu amekuwa mrefu kuliko mimi. Nashukuru hata kwa wale wakimbiaji wanaopita barabarani asubuhi na mapema, viatu vyao vikigonga lami pa, pa, pa. Huko ninakofanya kazi mtu akikimbia hivyo, kambi yote inasimama kuuliza ni nini kinamfuata.

Mimi ni mfanyakazi wa misaada. Nikisema hivyo hapa mtaani, watu huangalia viatu vyangu. Wanadhani mtu wa misaada lazima awe na gari jeupe na redio ya kiunoni. Hao wako, na wengi wao ni watu wazuri. Mimi niko upande wa magunia. Niko Sudan Kusini, kwenye kambi ya watu waliokimbia vita, na kazi yangu ni kugawa mtama. Shule niliishia darasa la sita. Kazi yenyewe inataka mkebe na kijiti.

Kijiti ni hivi. Mtama unachotwa na mkebe mpaka unafanya mlima mdogo juu. Huo mlima ndio kilele. Halafu mtu anapitisha kijiti kilichonyooka kwenye mdomo wa mkebe, kilele kinaanguka tena ndani ya gunia, na mtama unabaki sawasawa na ukingo. Mtu wa kijiti ni mimi. Siku hizi nina wasichana ninaowafundisha, lakini laini ya watu wanaongoja ikianza kuwa na kelele wananiita, na mimi nakuja na kijiti changu mwenyewe, cha mti mgumu, kimelainika kwa kushikwa.

Watu hawakipendi. Kuna bibi mmoja wa kambini, mkali kama pilipili, aliniambia kupitia kwa mkalimani, "Hicho kijiti chako kinakula mjukuu wangu."

Nikamwambia, "Mama, nikikuachia kilele, yule wa mwisho kwenye laini atapata nini?"

Akajibu, "Mpe kijiti atafune."

Laini nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, lakini nikafuta. Yule wa mwisho kwenye laini mimi namjua. Nimewahi kuwa yeye.

Zamani tulikuwa na shamba nje ya mji, mama na baba walilinunua wakitoka kwao huko mkoa wa kati, kabla sijazaliwa. Mahindi, ng'ombe mmoja wa maziwa, ua wa michongoma. Halafu ukaja ule mwaka wa uchaguzi mbaya. Wanasiasa walisema maneno yao kwenye mikutano, wakapanda magari yao, wakaenda kulala kwa amani, na sisi tukaachiwa maneno. Hao ni wa kwanza kuwataja.

Vijana wa kuchoma nyumba walikuja mchana, saa ya chai. Tulitoroka tukaingia kwa jirani wa nyuma, mzee aliyekuwa anauza maziwa. Yeye ni wa kabila lao, si letu. Alitusukuma ndani ya kibanda cha ndama, akatufunika na nyasi za mifugo: mama, mimi, na binti yangu mchanga mgongoni. Baba alikaa kidogo, akasema ng'ombe yuko kwa kamba na ataungua akiwa amefungwa. Akarudi kumfungua.

Wale vijana walikuwa wamefika barabarani. Kati yetu na wao ni ua tu. Nikasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Mwenyewe amerudi. Yuko nyuma ya nyumba, anafungua ng'ombe." Sauti hiyo naijua. Ni ya jirani yetu wa upande wa chini, tuliyekuwa tunachota maji naye kisima kimoja. Nilimshonea mtoto wake sweta. Ni yeye.

Baba hakurudi. Na walipofika kwa mzee wa maziwa kuuliza tuko wapi, alisimama kwenye geti lake akasema, "Hapa kuna ndama wagonjwa. Ingieni muwashike mkitaka, halafu msiniulize kwa nini watoto wenu wanaharisha." Wakaenda. Mzee huyo bado yuko, ameishiwa meno. Kila likizo napeleka sukari na majani ya chai kwake kabla sijafungua begi langu. Hanishukuru, ananiuliza tu, "Umekonda hivi, huko mnagawa chakula ama mnakiangalia?"

Tuliishia kwenye hema, uwanja wa maonyesho, pamoja na maelfu ya watu. Chakula kilikuwa kinagawiwa na mzee wetu wa kijiji wa wakati huo. Nitamsema pia. Shemeji zake walikuwa mbele ya laini kila siku, na mkebe wao ulikuwa na kilele mpaka unamwagika. Sisi wa nyuma tulifika tukapata gunia linakung'utwa. Baadaye mabati ya kujengea waliochomewa yaliletwa kupitia kwake, na mpaka leo ukipita kwake utaona zizi lake la mbuzi limeezekwa vizuri sana. Baba wa mtoto wangu naye aliondoka hapo kwa hema, akasema anaenda kutafuta kazi. Nafikiri bado anaitafuta.

Siku moja alikuja mama mmoja mfanyakazi wa misaada, mtu wa upande wa ziwa, mnene, mwenye kofia ya jua. Aliangalia ule ugawaji asubuhi yote bila kusema kitu. Halafu akavunja ufito kwenye ua, akaumenya maganda kwa meno, akasema, "Kuanzia leo mkebe unafutwa." Mzee wa kijiji akamuuliza anajiona nani. Akamwambia, "Mimi ni yule aliyeshika ufito." Siku hiyo wa mwisho kwenye laini alipata sawa na wa kwanza. Wa mwisho nilikuwa mimi, na nilikuwa nimepiga kelele sana kwa waliokuwa wanaruka laini. Akaniita. "Wewe mwenye sauti, kuja ushike hiki."

Nimekishika tangu siku hiyo. Nilianza kwa kibarua pale uwanjani, nikapelekwa Turkana wakati wa ukame, halafu ng'ambo ya mpaka. Kile kijiti kimesomesha mtoto. Mama yule wa ziwa simjui aliko, lakini hakuna Jumapili ninayosali bila kumtaja.

Sasa nije kwa likizo hii ya juzi.

Nilifika nikakuta mama hasimami. Nyonga yake imekwisha. Amekuwa akiuza akiwa ameketi, binti yangu akitoka shule ndiye anainua magunia, na binti yuko kidato cha nne, atamaliza aondoke. Mama hakuzungusha maneno. Nikiwa bado na vumbi la safari alisema, "Mimi kuinua kumekwisha. Ama urudi ukae dukani, ama nifunge niende kwa dada yangu huko kwetu. Niambie kabla hujaondoka."

Kwa dada yake ni mbali, ni mahali alipoondoka akiwa msichana. Alichomewa akakataa kuhama Eldoret. Alimzika mume wake akakataa. Sasa nyonga ndiyo ingemhamisha, na mimi.

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini kulikuwa na kitu. Yule mwanamke wa kisima ni mteja wa mama. Kijana wake alinunua ploti Kimumu, mtaa wa pili kutoka kwetu, akamleta akae naye. Kila wiki anakuja na kikapu chake kununua mahindi, na mama yangu anampimia gorogoro, ule mkebe wetu wa sokoni, anaujaza, anaongeza kwa kiganja, anaongeza tena, mpaka kilele kinaanguka chenyewe. Nilijua hilo kutoka likizo zilizopita. Nikimwona anakuja nilikuwa naingia ndani, najifanya napika. Likizo inaisha, unaenda zako. Lakini kukaa? Kumpimia huyo mtu kilele mpaka nife?

Niliwahi kumuuliza mama anawezaje. Alisema, "Mimi napima mahindi. Sipimi watu." Nikakasirika, sikumuuliza tena.

Jioni ya kwanza nilipakua githeri, mahindi na maharagwe. Sikufikiria, mkono tu ulienda. Nilijaza bakuli la binti yangu, nikapitisha mwiko juu, nikafuta, nikajaza la mama, nikafuta. Binti yangu aliangalia bakuli lake, akaniangalia.

"Mum, tuje na kadi?"

"Kadi gani?"

"Ya wakimbizi." Akamgeukia bibi yake. "Shosho, panga laini, wazee na wajawazito mbele."

Mama alicheka mpaka akashika nyonga yake. "Mwache, amezoea. Wewe mama yako amekulea na hicho kijiti."

"Najua, Shosho, lakini hii sufuria ni yetu wote. Tumekaa watatu. Nani wa mwisho hapa?"

Tulicheka wote. Nikamwongezea.

Kesho yake nikaingia dukani, kumpumzisha mama. Yeye akalala chumba cha nyuma, pazia tu kati yetu. Mahindi mapya yalikuwa yameanikwa nje juu ya turubai. Hiyo turubai ni ile ya hema yetu ya uwanjani, nembo imefifia, pembe moja imeshonwa na uzi wa gunia. Kambini naona watu wanaishi chini ya turubai kama hiyo. Hapa inalala chini, mahindi juu, na kuku wanafukuzwa. Nikiiona hivyo moyo wangu hutulia.

Mteja wa kwanza alikuja, nikajaza gorogoro, nikatoa kijiti changu kwenye begi, nikafuta. Krrr. Yule mama akaangalia mkebe kama mtu aliyeonyeshwa picha ya maiti.

"Wewe, ni nini umenifanyia?"

"Nimekupimia."

"Umenipimia ama umeninyoa?"

Wa pili, mwenye kibanda cha mboga, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Kwani huko alikotoka mahindi hukatwa nywele?" Mwingine akasema, "Mama yake anapima na mkono, huyu amerudi na rula." Nikawaambia kipimo ni kipimo, kila mtu atapata sawa na mwenzake. Wakaniambia hawajaomba sawa, wameomba gorogoro. Kabla ya saa sita wawili walikuwa wamevuka barabara kwenda duka lingine, na walihakikisha nimewaona wakivuka.

Mama aliita kutoka nyuma ya pazia. "Hiyo sauti ya krrr ni ya nini?"

Nikageuka kuangalia pazia, kijiti mkononi.

"Unafuta?"

"Mama, hii ndiyo haki. Wewe ulikuwa pale uwanjani. Ulikula wapi kilele pale?"

"Pale hatukuwa na kitu. Mtu akipewa kilele amekula cha mwenzake. Hapa gunia ni langu. Kilele ninachotoa ni changu, simnyimi mtu." Akapumzika kidogo, maana nyonga ilikuwa inamuuma. "Sasa ukifuta, unawaambia ni wakimbizi."

Nilikaa na hayo maneno. Mchana nikaweka kijiti kando, nikaanza kuongeza kwa kiganja. Mkono ulikataa mwanzoni, kilele changu kilikuwa kimelala upande. Yule wa mboga akarudi, akaangalia, akasema, "Angalau sasa imeota." Nikamwongezea kiganja kingine ili anyamaze. Hakunyamaza, lakini siku hiyo ilinipendeza. Niliona kwamba ningeweza. Wateja wote ningewaweza, isipokuwa mmoja.

Alikuja siku moja kabla sijaondoka. Alasiri, mawingu yameshuka upande wa Kapsoya, upepo unaanza kuinua pembe za turubai. Nilimwona kutoka mbali na kikapu chake. Amezeeka vibaya. Alipoona ni mimi niliye dukani, alisimama, akageuka nusu kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mimi pia niliinuka nusu niende jikoni. Halafu nikakumbuka mama hawezi kutoka. Hakuna mwingine wa kupima.

"Karibu, mama," nikasema. Sauti ilikuwa yangu ya kazini.

"Nataka gorogoro moja."

Nikajaza. Mkono wangu wenyewe ukaenda kwa kijiti. Nilikishika juu ya mkebe, sikukipitisha. Niliona kwamba nikifuta, nitakuwa nimemwambia kila kitu bila kusema chochote, na yeye ataenda nyumbani na kusema yule msichana ni mchoyo tu. Nilitaka asikie kwa masikio, vile mimi nilisikia.

Nikasema, "Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha ndama. Nilikusikia. Ni wewe ulisema baba yangu amerudi kufungua ng'ombe."

Upepo ulipiga bati. Aliangalia mkebe, hakuniangalia. Nilingoja aseme amesahau, ama aseme walikuwa wengi, ama aseme ni mambo ya zamani tumwachie Mungu. Hayo yote nimeyasikia. Mzee wa kijiji aliniambia hivyo, wanasiasa wanasema hivyo kila wakipatana.

Akasema, "Ni mimi."

Basi. Hakulia, hakuomba msamaha, na mimi sikuwa nimebeba msamaha wa kumpa. Sikumpa na sijampa. Lakini katika watu wote niliowataja hapa, huyo ndiye wa kwanza kusema hayo maneno mawili. Nilisikia kitu kinalegea mgongoni, mahali nilipokuwa nimembeba mtoto siku ile.

Nikaweka kijiti chini. Nikachota kwa kiganja nikaongeza, nikaongeza tena, mpaka mahindi yakaanza kuteremka kwenye ukingo. Nikamimina kwenye kikapu chake. Alisimama kidogo, akauliza, "Mama anaendeleaje na nyonga?"

"Inamuuma."

"Mwambie pole."

Akaenda, polepole, akiegemea upande wa kikapu.

Mama aliita. "Ameenda?"

"Ameenda."

"Umempa kilele?"

"Nimempa. Na nimemwambia."

Nikasikia kitanda kikilia nyuma ya pazia. Nilifikiri amekasirika. Nikaingia. Alikuwa ameketi kitandani, miguu chini, mikono magotini.

"Akasema nini?"

"Alisema ni yeye."

Mama alifunga macho. "Miaka yote hii nampa kilele," akasema, "nikingoja aseme. Nilifikiri siku moja siri hiyo itamlemea, aiweke hapo chini. Mimi sikuweza kumuuliza. Niliogopa atakataa." Akapangusa uso na leso. "Asante."

Mama yangu amenilea, amenilelea mtoto, amenipa ng'ombe wa kwanza wa maisha yangu na koti la mwisho alilokuwa nalo kwenye hema. Siku hiyo yeye ndiye aliyenishukuru. Sikujua niangalie wapi.

"Nitarudi," nikamwambia. "Nimalize msimu huu wa mtama, kandarasi ikiisha sitaweka sahihi nyingine. Kuna msichana nimemfundisha vizuri, atashika kijiti."

"Utarudi kutembea ama kukaa?"

"Kukaa."

Alitikisa kichwa mara moja, vile hufanya akikubali bei ya gunia. Halafu tone la kwanza likaanguka kwenye bati, na la pili, na akanyoosha kidole mlangoni.

"Basi unasimama hapa kufanya nini? Mahindi yanalowa!"

Nilikimbia nje. Binti yangu alikuwa anaingia kutoka shule, akatupa begi ndani, tukashika turubai pembe na pembe, tukaikunja na mahindi yote katikati, tukaivuta mpaka mlangoni, huku mama akituelekeza kwa kelele kutoka ndani kana kwamba hatujawahi kuona mvua.